Koti, Cheti na Kivinjari Kimoja

Mwanzoni mwa mwaka 2014 watu wengi nchini China walikuwa wakilitafuta koti moja. Walikuwa wameliona kwenye tamthilia ya Korea Kusini, My Love from the Star, limevaliwa na Cheon Song-yi, mhusika aliyeigizwa na Jun Ji-hyun. Maduka ya mtandaoni ya Korea yalikuwa na mzigo, wanunuzi walikuwa na pesa. Lakini mnunuzi akifika ukurasa wa kulipia, anakwama. Ukurasa unamtaka awe na cheti cha kidijitali ambacho mgeni asiyeishi Korea hana njia ya kukipata, na cheti chenyewe kinatumika kupitia vijiprogramu vinavyokubali kukaa ndani ya kivinjari kimoja tu, Internet Explorer.

Tarehe 20 Machi mwaka huo Rais Park Geun-hye aliongoza mkutano wa kupunguza kanuni zinazobana biashara. Mkutano ulichukua saa saba hivi na ulirushwa na televisheni. Koti la Cheon Song-yi likatajwa humo kama mfano wa kanuni inayomfukuza mteja akiwa tayari mlangoni na pesa mkononi.

Sisi tunaofanya kazi za TEHAMA kwenye maofisi makubwa tuliisoma habari ile tukajiona wenyewe. Kila ofisi kubwa niliyowahi kuingia ina mfumo mmoja au miwili isiyofunguka isipokuwa kwenye kivinjari fulani cha zamani, na kuna mtu mmoja anayejua sababu. Korea yalikuwa mambo yaleyale, ila ofisi yenyewe ilikuwa nchi nzima.

Chanzo chake kilikuwa busara, na hilo ni haki lisemwe mapema. Katika miaka ya 1990 sheria za Marekani zilibana usafirishaji wa teknolojia ya usimbaji fiche. Vivinjari vilivyoruhusiwa kutoka nje ya nchi hiyo vilibeba ufunguo wa biti 40, nao ulikuwa kufuli la karatasi: Agosti 1995 mtafiti wa Kifaransa, Damien Doligez, aliuvunja ufunguo wa namna hiyo wa kivinjari cha Netscape kwa siku nane, akitumia kompyuta za kazini. Korea ilitaka wananchi wake watume pesa na kununua vitu kupitia intaneti. Nani angeweka akiba yake nyuma ya kufuli la namna ile?

Basi mwaka 1998 wakala wa usalama wa habari wa Korea, KISA, ukatoa njia ya nchi yenyewe ya kusimba, ikaitwa SEED, yenye ufunguo wa biti 128. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya saini ya kidijitali. Mwananchi angepewa cheti na taasisi iliyoidhinishwa, na cheti kingekuwa saini yake benki, dukani na serikalini. Kwa wakati ule Korea ilikuwa imezitangulia nchi nyingi tajiri.

Shida ni kwamba hapakuwa na kivinjari hata kimoja kilichoijua SEED. Ilibidi ipachikwe kwa nje kwa kijiprogramu cha ziada. Mwanzoni vilikuwepo vijiprogramu vya Netscape na vya Internet Explorer pia. Netscape ikaanguka, wateja wake wakatawanyika, na watengenezaji hawakuona sababu ya kuendelea kuihudumia. Kilichobaki ni ActiveX, teknolojia ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1996.

ActiveX inahitaji kuelezwa, maana ndiyo iliyoyafunga maofisi mengi duniani. Ukurasa wa kawaida wa wavuti ni karatasi: kivinjari kinausoma na kuuchora, basi. Kijiprogramu cha ActiveX ni programu kamili ya Windows inayoshushwa kutoka kwenye ukurasa na kuendeshwa kwa mamlaka yote ya aliyeketi mbele ya kompyuta. Kinaweza kusoma faili zake, kuandika kwenye diski, kuongea na printa au kisoma kadi. Kwa mhandisi wa mwaka 1999 aliyetaka mfumo wa benki usome cheti kilichohifadhiwa kwenye diski, hiki kilikuwa chombo kinachofaa kabisa. Kwa mwizi pia.

Mkorea wa katikati ya miaka ya 2000 aliyetaka kumtumia mama yake pesa alipita njia hii. Anafungua tovuti ya benki. Juu ya ukurasa unajitokeza mstari wa njano unaomwuliza kama anaruhusu programu isakinishwe. Anabofya ndiyo. Ukurasa unajipakia upya, na sasa inatakiwa programu ya kulinda kibodi isichunguliwe. Ndiyo. Kisha ya ukuta wa moto. Ndiyo. Kisha ile ya kusimamia vyeti. Ndiyo tena. Pengine kompyuta inataka kuzimwa na kuwashwa. Hatimaye kinatokea kidirisha kinachomwuliza cheti kiko wapi: kwenye diski, ndani ya folda inayoitwa NPKI, au kwenye flashi anayotembea nayo pamoja na funguo za nyumba. Anachagua, anaandika nenosiri, pesa zinakwenda. Kila mwaka cheti kinaisha muda wake na lazima kihuishwe.

Kinachonisikitisha zaidi katika hadithi hii ni ule mkono uliozoea. Watu wa usalama wa mitandao duniani kote wanahangaika kumfundisha mtumiaji asikubali kila kinachomwomba ruhusa. Hapa taifa zima lilifundishwa kubofya ndiyo bila kusoma, na lilifundishwa kwa jina la usalama.

Lakini nisiisimulie kana kwamba Korea peke yake iliingia mtegoni. Maofisi ya Marekani, Uingereza na Japani yaliingia kwa hiari yao, bila sheria yoyote kuyasukuma, na yalikuwa na sababu nzuri.

Kabla ya wavuti, mfumo wa uhasibu wa kampuni kubwa ulikuwa programu inayosakinishwa kwenye kila kompyuta. Ukibadilisha kanuni moja ya kodi, fundi anazunguka ghorofa kwa ghorofa na diski mkononi. Wavuti ilileta ahadi nzito: weka mfumo kwenye seva moja, kila mtu aufungue kwa kivinjari, ukibadilisha leo wote wameupata leo. Na kivinjari kilikuwa tayari mezani. Internet Explorer ilitoka Agosti 1995, na baada ya muda ikaunganishwa na Windows yenyewe bila malipo ya ziada. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mwaka 1998 kwa sababu hiyo, lakini kesi ilipokuwa ikisikilizwa Netscape ilikuwa tayari hoi. Toleo la 6 lilitoka Agosti 2001, na katika miaka michache iliyofuata Internet Explorer ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa wavuti.

Tena kilikuwa kivinjari kizuri kwa zama zake. Wanaokisema vibaya leo mara nyingi hawajui kwamba uwezo wa ukurasa kuzungumza na seva bila kujipakia upya, uwezo ambao ramani, barua pepe na mitandao ya kijamii ya sasa imejengwa juu yake, ulianzia kwenye toleo lake la 5 la mwaka 1999. Timu iliyokuwa ikitengeneza barua pepe ya Outlook ya kwenye wavuti iliuhitaji, Microsoft ikautia ndani. Vivinjari vingine vikaiga baadaye.

Ulikuwepo pia ufundi mwingine mdogo, showModalDialog. Ukiutumia, ukurasa unafungua kidirisha juu yake na kila kitu cha chini kinasimama hadi kidirisha kijibiwe. Fikiria meneja anayeidhinisha malipo: anabofya, kidirisha kinauliza kasma ya bajeti, anachagua, kinajifunga, na namba inaingia yenyewe kwenye fomu. Mwandika programu alipata hayo yote kwa mstari mmoja. Mifumo ya maofisi ya miaka ile imejaa mistari ya namna hiyo, mamia na mamia, kila mmoja umeandikwa na mtu aliyekuwa anamsaidia mtu mwingine amalize kazi yake mapema.

Baada ya toleo la 6, Microsoft ikanyamaza miaka mitano. Ukimya huo ndio uliolea tatizo. Kitu kisichobadilika kwa miaka mitano, watu hukijengea juu kana kwamba ni mwamba. Mikataba ya zabuni ikaandikwa kwa jina la kivinjari: mfumo ufanye kazi kwenye Internet Explorer 6. Viwango vya wazi vya W3C, shirika linaloratibu viwango vya wavuti, vilikuwepo, lakini mkaguzi wa mradi hakupima kwa viwango. Alipima kwa kompyuta iliyokuwa mbele yake.

Firefox 1.0 ikatoka Novemba 2004, watumiaji wa majumbani wakaanza kuhama, na Microsoft ikaamka. Toleo la 7 lilipotoka Oktoba 2006 maofisi yakagundua yamejenga juu ya nini. Matoleo ya zamani yalikuwa yakipima visanduku vya ukurasa kwa namna yao, tofauti na viwango. Tofauti ni pikseli kadhaa. Pikseli hizo zikizidishwa mara safuwima kumi na mbili za jedwali, kitufe cha kuhifadhi kinasukumwa nje ya skrini, na karani wa malipo anakaa mbele ya fomu aliyoijaza yote akitafuta pa kubofya.

Korea iliumia zaidi. Windows Vista ilipokuwa inaingia sokoni Januari 2007, ulinzi wake mpya uligongana na vijiprogramu vya ActiveX, na maofisa wa serikali wakawaonya wananchi wasikimbilie kuinunua kwa kuwa huduma za benki zingewagomea. Mwaka huohuo Kim Keechang, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Korea na mwanzilishi wa vuguvugu la OpenWeb, alikwenda mahakamani kuishtaki taasisi iliyokuwa ikitoa vyeti, kwa hoja kwamba inawanyima huduma raia wanaotumia vivinjari vingine. Alishindwa ngazi zote, hadi Mahakama ya Juu mwaka 2009. Mimi namhesabu kuwa mtu muhimu kuliko wote katika historia hii. Aliona kwamba sheria inayotaka usalama ni jambo moja, na sheria ambayo utekelezaji wake unamlazimisha raia kununua bidhaa ya kampuni fulani ni jambo jingine, na aliyasema hayo wakati nchi nzima ikiona mambo yako sawa.

Januari 2010 hatari ilijionyesha wazi. Google ilitangaza kwamba imevamiwa na wadukuzi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wavamizi walipitia ufa ndani ya Internet Explorer. Idara za usalama wa mitandao za Ujerumani na Ufaransa zikawashauri wananchi watumie kivinjari kingine kwa muda. Uingereza, watu zaidi ya 6,000 walitia saini ombi la kuitaka serikali iachane na toleo la 6. Jibu lilitoka Julai: idara zina mifumo mingi iliyojengwa juu ya toleo hilo, kuipima yote upya ni kazi kubwa na ni pesa ya mlipa kodi, kwa hiyo zitabaki nalo na kujilinda kwa njia nyingine.

Jibu lile lilichekwa sana. Mimi sikulicheka wakati ule na silicheki leo. Fikiria mfumo wa malipo ya ustawi unaowalisha wazee. Ukivunjika Jumatatu, Ijumaa kuna mtu hana chakula. Anayeuangalia mfumo huo ana haki ya kuuliza mara tatu kabla hajaugusa. Kosa lilifanyika miaka tisa nyuma, siku mkataba ulipotaja jina la kivinjari badala ya kiwango, na aliyeutia saini pengine alikuwa ameshastaafu.

Microsoft nayo ilitambua kwamba wateja wake wakubwa hawawezi kusogea, ikaanza kuwabeba. Toleo la 8 la mwaka 2009 lilikuja na hali ya upatanifu: kivinjari kipya kinachojifanya cha zamani. Na kwa kurasa za mtandao wa ndani wa ofisi, hali hiyo ilikuwa imewashwa tangu kiwandani. Ilikuwa huruma, lakini ilikuwa na gharama. Mfumo mpya kabisa uliojengwa mwaka 2012 na kuwekwa kwenye seva ya ndani ulisomwa kama ukurasa wa mwaka 2006, na vijana waliouandika wakausahihisha hadi ukapendeza katika hali hiyo ya kale. Kwa njia hiyo uzee ukaambukiza hata mifumo iliyozaliwa juzi.

Aprili 2014 toleo la 11 likaongezewa hali maalumu ya mashirika, iliyoiga toleo la 8 kwa tovuti ambazo msimamizi ameziorodhesha. Wakati huohuo vivinjari vingine vilikuwa vinafagia nyumba. Chrome ya Google iliiondoa showModalDialog mwaka 2014, na vilio vya mashirika vikawa vikubwa hadi Google ikawaachia wasimamizi njia ya kuirudisha kwa muda, hadi Mei 2015. Mwaka huohuo wa 2015 Chrome ikafunga pia mlango wa NPAPI, uliokuwa ukiingiza Java ndani ya kurasa, na Firefox ikafuata Machi 2017. Mifumo mingi ya fedha na ya rasilimali watu ilikuwa imejengwa juu ya Java hiyo. Asubuhi moja ikawa mraba wa kijivu.

Mambo hayo yalinikuta nikiwa kwenye kitengo cha TEHAMA cha taasisi moja jijini Dar es Salaam. Mhasibu mmoja, mama wa makamo mwenye subira nyingi, alikuja na kompyuta mpakato yake kifuani kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa imejisasisha usiku. Kurasa za vocha hazifunguki, na mishahara inatakiwa kesho. Tulimtafutia kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo, tukaizuia isijisasishe tena, tukabandika karatasi juu yake: usiguse. Mishahara ikatoka. Ile kompyuta ikabaki pale dirishani miaka mitatu, na watu wakawa wanapanga foleni kwake mwisho wa mwezi.

Korea ilichukua njia ndefu kujifungua. Baada ya kisa cha koti, sharti la cheti kwa manunuzi ya kadi yaliyofika won 300,000 liliondolewa mwaka 2014. Vijiprogramu vya ActiveX vikaanza kubadilishwa, ingawa mara nyingi mwananchi alitakiwa kusakinisha faili za kawaida za Windows badala yake, mzigo uleule kwenye gunia jingine. Moon Jae-in aliahidi kuing'oa ActiveX alipogombea urais mwaka 2017. Sheria ya saini ya kidijitali ikarekebishwa Mei 2020, na kuanzia tarehe 10 Desemba mwaka huo vyeti vile vikapoteza hadhi ya pekee viliyokuwa nayo tangu 1999. Ilikuwa miaka 21.

Mwezi mmoja baadaye zamu ikafika Afrika. Adobe ilikuwa imetangaza tangu Julai 2017 kwamba Flash, programu yake ya kuonyesha video na fomu ndani ya kivinjari, itakufa mwisho wa 2020, na tarehe 12 Januari 2021 programu ikaanza kukataa kuonyesha chochote. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa imeshahamisha fomu nyingi, lakini si zote. Fomu zilizobaki kwenye mfumo wa kuwasilisha kodi mtandaoni hazikufunguka. Kabla mwezi haujaisha, SARS ikatoa kivinjari chake yenyewe, cha Windows pekee, chenye Flash ndani, ili mlipa kodi azifikie fomu hizo. Serikali kutengeneza kivinjari ili fomu chache zisomeke ni jambo la kushangaza, lakini naelewa lilivyofika hapo. Miaka mitatu na nusu ya tahadhari ni mingi kwenye kalenda. Kwenye bajeti ya shirika la umma, ambako kila mwaka kuna jambo linalowaka zaidi, inayeyuka.

Microsoft iliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Edge mpya, kivinjari chake kilichorithi Internet Explorer, iliyotoka Januari 2020 ilijengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, na ndani yake ikawekwa injini ya zamani ya Internet Explorer. Msimamizi anaandika orodha ya tovuti katika faili la XML. Mtumiaji akifungua anwani iliyomo, kichupo hicho kimoja kinahamia injini ya kale, ActiveX na vyote, na alama ndogo ya e inatokea kando ya anwani. Akitoka kwenda tovuti nyingine, anarudi leo.

Inasikika rahisi. Sisi ilituchukua wiki mbili kugundua kwa nini watu walikuwa wanaingiza nenosiri na kurudishwa palepale pa kuingilia, mara kumi, mara ishirini. Mfumo wa zamani ulikuwa unamtuma mtu kwenye seva ya utambulisho. Seva hiyo haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo ilifunguka kwa injini mpya, ikampa ruhusa, ikamrudisha. Injini ya zamani haikuwa na habari ya ruhusa hiyo, ikamtuma tena. Dawa yake ni kuiandika seva ya utambulisho kama tovuti isiyo na upande, ili ibaki kwenye injini yoyote mtu aliyotoka nayo. Neno moja kwenye faili. Nilipoliandika na yule mama mhasibu akaingia kwa mara ya kwanza, alishika mikono yangu yote miwili.

Tarehe 15 Juni 2022 Internet Explorer ikastaafishwa rasmi. Katika mji wa Gyeongju, Korea, mhandisi mmoja wa programu alitumia won 430,000 kuchongesha jiwe la kaburi la kivinjari hicho, lenye maandishi kwamba kilikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Picha ilizunguka dunia nzima. Namwelewa, maana alikuwa ametumia miaka mingi ya kazi kupambana nacho kwenye kila ukurasa. Lakini ningekuwa mimi ningechonga pia mishahara, pensheni na hati za mizigo zilizopita humo kwa miaka 27.

Na mule kaburini hamna kitu. Februari 2023 Microsoft iliifunga programu yenyewe kwenye kompyuta nyingi za Windows 10, ila injini imo ndani ya Windows, na kampuni imeahidi kuihudumia kupitia Edge hadi angalau mwaka 2029. Orodha yetu ilianza na mistari kumi na minne. Sasa imebaki mitano. Kila mstari nimeuandikia pembeni jina la kitengo, kazi yake, na siku mrithi wake anapotarajiwa. Miwili kati ya hiyo haina tarehe.

Edge humruhusu pia mtumiaji kuongeza ukurasa wake mwenyewe kwenye hali ya zamani, bila kumwomba msimamizi, ila ruhusa hiyo inaisha baada ya siku 30. Kuna karani wa masjala aliyejiongezea ukurasa mmoja ambao sikuwahi kujua upo. Ni daftari la mafaili yaliyopelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka, limejengwa na mtu aliyekwishahama. Kila mwezi ukurasa unamgomea na ananipigia simu. Mwezi uliopita nilishuka ghorofa ya chini, nikaketi naye, akanifungulia, tukaanza kuandika mstari wa sita.